Maji ya Uluguru: Juu pa Kuoga, Chini pa Kuvua

Mtu anayetafuta, katika viunga vya mji wa Morogoro, mahali pamoja ambapo anaweza kusimamisha hema, kuogelea na kuvua samaki, atazunguka sana bila kupapata, kwa sababu Milima ya Uluguru imezigawa shughuli hizo tatu kwa kimo. Juu, maji yanapotoka msituni yakiwa baridi na yenye kasi, ndiko kwa kuoga na kulala hemani, ila samaki wa kutia kikaangoni hayupo. Chini, mto unapolegea na kutandaa bondeni, samaki wapo, lakini hapo hapo ndipo penye kichocho, viboko na mamba, na mwogeleaji mwenye busara hubaki nchi kavu. Mgeni asiyeujua mgawanyo huo huishia ama kukaa siku nzima na ndoana tupu kando ya maporomoko, au kujitosa kwenye bwawa ambalo wenyeji wenyewe huliingia kwa mtumbwi tu.

Uluguru ni sehemu ya safu inayoitwa Tao la Mashariki, yaani mnyororo wa milima ya kale sana, yenye miamba migumu, unaoanzia Taita nchini Kenya na kupinda kupitia Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Kilele kirefu zaidi cha Uluguru, Kimhandu, kinazidi mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ilhali mji wa Morogoro umekaa kwenye mita 500 hivi, chini ya kilele cha Lupanga, ambacho hakifiki hata mita 2,200 lakini kwa kuwa kimesimama wima juu ya paa za nyumba huonekana kirefu kuliko vyote. Pepo zenye unyevu zinazotoka Bahari ya Hindi hazikutani na mlima mwingine wa maana kabla ya kugonga mteremko wa mashariki wa Uluguru, na hapo hulazimika kupanda, kupoa na kumwaga mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Mji wenyewe, uliokingwa upande wa pili, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Msitu hukamilisha kazi hiyo, kwani kuvumwani na majani yaliyooza chini ya miti hunyonya maji wakati wa masika na kuyaachia polepole, na hata siku zisizo na mvua ukungu hudondoka matone kutoka kwenye matawi. Ndiyo maana vijito vya Uluguru huendelea kutiririka mwezi wa Septemba, wakati nyasi za bondeni zimekwisha kuwa kijivu.

Maji hayo yote, yawe yameanzia upande gani, huishia kwenye mto mmoja. Ruvu huanzia miteremko ya mashariki na kupokea Mfizigo na Mvuha. Mgeta huanzia nyanda za juu za magharibi, hushuka, huzunguka kusini kwa milima kupitia tambarare za Kisaki, kisha huungana na Ruvu. Ngerengere nao hutoka upande wa magharibi, huingia katika Bwawa la Mindu, hupita kaskazini mwa mji ukiuchukua Mto Morogoro, na kuelekea mashariki hadi kukutana na Ruvu huko chini. Kutoka hapo mto huo, ambao watu wa pwani wameuita Kingani kwa muda mrefu, huelekea baharini karibu na Bagamoyo, lakini kabla ya kufika huko sehemu kubwa ya maji yake huvutwa na mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini kwa ajili ya Dar es Salaam. Mwogaji anayejipaka sabuni kwenye kijito cha Uluguru anajipaka kwenye maji ambayo mamilioni ya watu watayachota bombani, na hilo linatosha kueleza kwa nini walinzi wa msitu huwa wakali kuhusu povu kuliko kuhusu kelele.

Maji ya juu yaliyo rahisi kufikiwa ni ya Mto Morogoro wenyewe, ambao hushuka kati ya mawe makubwa mpaka penye bustani inayojulikana mjini kwa jina la Rock Garden. Mawe yake ni laini kama sabuni iliyotumika, na ulaini huo una sababu: maji yanapozunguka kwa kasi kwenye tundu dogo la mwamba huzungusha pamoja nayo mchanga na changarawe, na changarawe hizo husaga tundu kwa karne nyingi hadi likawe kidimbwi cha duara chenye kina cha mtu kusimama. Wataalamu wa miamba wanaweza kutaja mwelekeo wa mto wa kale kwa kutazama vidimbwi vilivyobaki vikavu juu ya usawa wa maji ya leo. Mwogaji wa kawaida anahitaji kujua jambo dogo zaidi, kwamba sakafu ya kidimbwi cha namna hiyo haina usawa, kwamba kando yake kuna utelezi wa mwani usioonekana, na kwamba kuruka kichwa chini kutoka juu ya jiwe ni kujitafutia kuvunjika shingo.

Juu zaidi, kwenye kimo cha mita 1,300 hivi, ipo Morning Side, nyumba ya mapumziko iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1911, ambayo hufikiwa kwa miguu kupitia mashamba ya migomba, mboga na maua, huku mifereji midogo ya maji ikivuka njia mara kwa mara. Hapo hewa hubadilika ghafla, na mtu aliyetoka mjini akitokwa jasho hujikuta anatafuta sweta ifikapo saa kumi na moja jioni. Upande huo huo wa milima yapo maporomoko ya Choma, ambako wakazi hupeleka wageni kwa matembezi ya saa kadhaa. Maji yake hayana kishindo kikubwa wakati wa kiangazi, na kwa kweli msimu huo ndio unaofaa, kwa sababu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, njia huwa tope tupu na kidimbwi kilicho chini ya maporomoko hakiingiliki.

Samaki wakubwa hawapo katika maji hayo, na sababu yake si uvuvi uliopita kiasi. Maji yanayotoka msituni ni baridi na hayana virutubisho vingi, maana yamechujwa na mizizi na mwamba, na kila poromoko ni ukuta ambao samaki wa bondeni hawezi kuukwea. Wanaoishi huko ni wadogo, wengi wao wakiwa jamii ya kambale waliojirekebisha kwa maisha ya mkondo mkali: miili yao ni bapa, na baadhi yao wana midomo iliyopanuka kuwa kama kibandiko ambacho hushika mwamba wakati maji yanapopita juu yao kwa kasi. Anayelala kifudifudi juu ya jiwe na kutazama maji kwa utulivu ataweza kuwaona wakisogea kwa miruko mifupi, wakila ukoga, kisha wakiganda tena pasipo kutofautiana na rangi ya jiwe. Ni samaki wa kutazamwa, na kuwavua kungekuwa kazi nyingi kwa shibe ya paka.

Kulala hemani katika milima hiyo kunahitaji kibali pale mtu anapoingia msituni. Misitu ya Uluguru ilianza kuhifadhiwa kisheria enzi za Wajerumani, na mwaka 2008 ile ya Uluguru Kaskazini, Uluguru Kusini na Bunduki iliunganishwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, yenye ukubwa wa zaidi ya hekta 24,000, ambayo sasa iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hifadhi ya mazingira asilia ni daraja la juu la ulinzi wa msitu, ambalo haliruhusu kukata mti wala kulisha mifugo, bali hukubali utafiti, elimu na utalii wa kutembea kwa miguu. Mambo yanayolindwa humo ni pamoja na ndege na mimea isiyopatikana kwingine kokote duniani, kama vile tiva wa Uluguru, ndege wa mgongo wa kijani na utosi mweusi ambaye husikika mara nyingi kuliko anavyoonekana. Nje ya mpaka wa hifadhi ardhi ni ya koo na vijiji, na hapo ruhusa huombwa kwa ofisi ya kijiji na kwa mwenye shamba, kwa maneno ya heshima na kabla ya hema kufunguliwa.

Mahali pa kusimamisha hema hapachaguliwi kwa uzuri wa mandhari pekee. Mchanga mweupe ulio kando ya kijito huvutia kwa kuwa ni tambarare na laini, lakini mchanga huo uliletwa na mafuriko na mafuriko yanaweza kurudi kuuchukua. Mvua kubwa inaweza kunyesha kileleni huku bondeni kukiwa na nyota, na maji yake yakafika chini baada ya muda mfupi kwa kuwa mteremko ni mkali na njia ni fupi. Wenyeji husoma dalili: maji yaliyokuwa maangavu huanza kubeba majani makavu na vijiti, rangi hugeuka ya chai, mlio hubadilika kutoka wa juu kuwa wa kunguruma, na hapo hakuna anayesubiri dalili ya nne. Hema huwekwa mita kadhaa juu ya alama ya mwisho ya takataka zilizonasa vichakani, mbali na njia za siafu, ambao baada ya mvua huhama kwa misafara na hawana desturi ya kulizunguka hema.

Upande wa Mgeta una sura nyingine kabisa. Barabara huacha njia kuu ya Iringa pale Sangasanga, hupita Mlali na kupanda hadi kwenye vilima vilivyolimwa kwa matuta, vyenye kabichi, karoti, njegere, na miti ya pichesi, ambavyo mazao yake hushushwa kutoka soko la Nyandira hadi Morogoro na Dar es Salaam. Karibu na Bunduki maji hushuka kwa mita takribani 40 kwenye maporomoko ya Hululu, na kuzunguka kitako chake kuna ukanda wa mimea ambao haukauki kwa sababu ya rasharasha za maji. Kanda za namna hiyo ni ndogo lakini zina uhai wa pekee, na mkoa wa Morogoro unalijua hilo kwa uchungu. Katika korongo la Kihansi, kwenye ukingo wa milima ya Udzungwa, mwaka 1996 wataalamu walimkuta chura mdogo wa manjano aliyeishi ndani ya rasharasha za maporomoko hayo tu. Mwaka 2000 sehemu kubwa ya maji iligeuzwa kwenda kuzalisha umeme, rasharasha zikapungua, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini, akibaki katika bustani za wanyama nchini Marekani, ambako alizalishwa hadi akaanza kurudishwa Kihansi mwaka 2012 chini ya mabomba ya kunyunyizia maji. Kwa hiyo wageni wanaokanyaga ovyo majani mabichi chini ya Hululu ili wapate picha nzuri hawafanyi jambo dogo kama wanavyodhani.

Waluguru, wenyeji wa milima hii, hawakuwahi kuyaona maji haya kuwa ya starehe tu. Kusini-mashariki mwa milima, katika eneo la Kolero, lipo pango la Kolelo, ambako Waluguru na majirani zao, Wazaramo wakiwamo, walipeleka maombi ya mvua na rutuba, na wanahistoria wa Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 wameyahusisha madhehebu ya Kolelo na imani ya dawa ya maji iliyosambaa mwanzoni mwa vita hivyo. Katika ukoo, ambao kwa Waluguru hufuata upande wa mama, baadhi ya vichaka na vidimbwi bado ni mahali pa mizimu, na mgeni haogi humo hata kama maji yanamvutia kiasi gani. Serikali ya kikoloni ya Waingereza nayo iliyatazama maji haya kwa jicho lake: kwa hofu kwamba udongo wa milimani ungejaza mito tope, iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi, kazi nzito ambayo kwenye udongo mwembamba ilifukua tabaka lisilo na rutuba, na mwaka 1955 upinzani dhidi yake ulilipuka kwa ghasia huko Matombo na mpango ukaachwa. Hofu yenyewe haikuwa ya uongo, kwani tope linaonekana hadi leo kwenye Ruvu kila masika, lakini amri iliyokuja bila kusikiliza ilifanya neno la hifadhi libaki chungu midomoni mwa wazee kwa miaka mingi.

Kutoka milimani maji hushuka hadi Mindu, na hapo mambo hugeuka. Bwawa la Mindu, lililojengwa kwa kuziba Mto Ngerengere na kuanza kutumika katika miaka ya 1980, liko kilomita chache kusini-magharibi mwa mji na huonekana wazi kutoka barabara ya Iringa, maji mapana yenye milima nyuma yake, mandhari ambayo msafiri wa basi humgeukia jirani yake na kumwonyesha. Kazi yake ya kwanza ni kuupatia mji maji ya bomba, na ya pili, isiyopangwa sana na wajenzi, ni kuwapatia watu samaki. Viboko nao wamelifanya makazi. Kiboko hali nyama, lakini hutoka majini usiku kwenda malishoni na hurudi kwa njia ile ile, na yeyote anayesimama kati yake na maji hushambuliwa bila onyo. Kwa sababu hiyo hema kando ya Mindu ni wazo baya hata pale ambapo hakuna kibao kinachokataza.

Adui mdogo zaidi hatajwi sana, naye ndiye anayewapata wengi. Kichocho ni ugonjwa unaoletwa na minyoo midogo ambayo sehemu ya maisha yake hukaa ndani ya konokono wa majini. Mtu mwenye ugonjwa akikojoa au kujisaidia majini, mayai ya minyoo huanguliwa, viluwiluwi vyake huingia kwa konokono, huzaliana humo, kisha hutoka kwa maelfu wakati wa mchana na kutoboa ngozi ya yeyote aliye majini, bila maumivu na kwa dakika chache tu. Konokono hao hupenda maji yaliyotulia, yenye jua na magugu, na ndiyo maana kijito baridi chenye kasi kina hatari ndogo ilhali ukingo wa bwawa una hatari kubwa. Mkojo wenye damu ni dalili ya aina moja ya ugonjwa huo, na dawa ya prazikwanteli huuponya, lakini aliyeoga bwawani anapaswa kupimwa baada ya wiki kadhaa hata kama hajisikii vibaya, kwa kuwa minyoo huhitaji muda kukomaa.

Mvuvi haogopi bwawa kwa namna hiyo, kwa sababu ana mtumbwi. Samaki anayetafutwa zaidi ni perege, na mito ya Ruvu na Rufiji ina perege wake wa asili, ambaye dume lake huchimba shimo la duara kwenye mchanga wa maji mafupi na kulilinda, na jike hutaga humo kisha huyabeba mayai mdomoni hadi vifaranga wanapoweza kuogelea. Jike aliyevuliwa wakati huo hutema vifaranga juu ya sakafu ya mtumbwi, jambo ambalo wavuvi wengi wamelishuhudia. Kambale hutafutwa usiku au maji yanapokuwa na tope. Ana kiungo cha ziada kinachomwezesha kuvuta hewa ya kawaida, kwa hiyo hustahimili vidimbwi vyenye maji machafu na hubaki hai ndani ya gunia bichi kwa saa nyingi. Kwa mtu anayevua kwa kujifurahisha vinatosha ufito wa mwanzi, mshipi, ndoana ndogo, chubwi na nyungunyungu waliochimbwa kwenye bustani yenye unyevu, pamoja na uvumilivu wa kuketi kimya wakati wa asubuhi. Wavuvi wa kazi hutumia nyavu za kutega na migono, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 huwataka wawe na leseni na hukataza makokoro, baruti na sumu, ikiwamo ile ya utupa, mmea ambao majani yake hupondwa na kumwagwa kwenye kidimbwi hadi samaki wote, wakubwa kwa wadogo, waelee juu. Anayetumia utupa kwenye kijito cha Uluguru huvuna jioni moja na kuwaachia wenzake maji matupu.

Mbali kidogo zipo hifadhi za taifa, ambazo mkoa wa Morogoro umejaliwa nazo kuliko mikoa mingi. Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, ina mabwawa ya viboko na maeneo rasmi ya kambi, na hakuna anayeoga wala kuvua humo. Hifadhi ya Taifa Nyerere, iliyomegwa mwaka 2019 kutoka Pori la Akiba Selous, hufikiwa kutoka Morogoro kwa barabara ya Bigwa hadi Kisaki, na ndani yake Mto Rufiji hulisha maziwa kama Tagalala na Manze, ambayo hutazamwa vyema kutoka kwenye boti huku mamba wakijianika kando. Udzungwa, iliyotangazwa mwaka 1992, ndiyo inayokaribia kuvunja ule mgawanyo wa kimo, maana kutoka Mang'ula mgeni anaweza kulala hemani chini ya msitu na kesho yake akapanda na mwongozaji hadi maporomoko ya Sanje, yenye urefu wa mita 170, na kuoga kwenye kidimbwi chake. Samaki, hata hivyo, atamnunua barabarani, akiwa amekaushwa, kutoka kwa wachuuzi wanaomleta kutoka Mto Kilombero.

Jambo linaloleta mvutano zaidi kwa sasa ni ujenzi kando ya maji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu, wala zile zinazodhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Hema linalokunjwa asubuhi na kuacha nyasi zikiinuka si shughuli ya kudumu. Baa ya zege yenye choo kinachomiminika mtoni ni ya kudumu na inadhuru, na ni vigumu kuona kwa nini watu wawili waliotembelea mto mmoja wanapaswa kutofautiana juu ya hilo. Ugumu uko kwa mkulima mdogo wa bamia na mchicha, ambaye mita hizo 60 ndizo shamba lake zima, na ambaye hutazama wenye fedha wakijenga pale alipoambiwa aondoe matuta yake.

Suala hilo litakuwa zito zaidi Kidunda, chini ya mahali ambapo Mgeta na Ruvu hukutana, ambako ujenzi wa bwawa lililozungumzwa kwa miongo mingi ulianza mwaka 2023, likikusudiwa kuhifadhi lita bilioni 190 ili Dar es Salaam isikaukiwe wakati wa kiangazi. Likijaa litakuwa pana kuliko Mindu mara nyingi. Mabwawa mapya hutoa samaki wengi katika miaka ya mwanzo, kwa sababu mimea iliyozama huoza na kulisha viumbe wadogo wanaoliwa na perege, na habari ya samaki husafiri haraka, hivyo wavuvi watafika kabla ya watalii na magugu yatafika pamoja na konokono wake. Mialo, yaani sehemu rasmi za kupakulia samaki, na viwanja vya kambi vilivyo mbali na njia za viboko vingepaswa kupimwa kabla maji hayajapanda hadi usawa wake, kwa kuwa baada ya hapo mstari wa mita 60 utakuwa umehamia mahali ambapo leo ni shamba la mtu.